Bima wamekukatalia fidia ya nyumba iliyoharibiwa na maji? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Kinyerezi

Wadau, habari za jioni. Naona wengi wetu tukipata barua ya "madai yako hayajakubaliwa" tunaikunja, tunaiweka kabatini, kisha tunaenda kukopa hela ya ukarabati. Inaniuma sana, maana ile barua inaweza kupingwa. Naanza na yangu, nanyi leteni zenu, hata kama hamkulipwa.

Bomba la bafu la juu lilipasuka ndani ya ukuta usiku. Asubuhi dari ya jipsamu ya sebuleni iko chini, makochi yameloa chapachapa, soketi zinachuruzika maji. Kampuni ikamleta mkadiria hasara, akapiga picha chache, akaondoka. Barua ikaja: huu ni uvujaji wa muda mrefu uliotokana na kukosa matengenezo, hivyo haufidiwi.

Ugomvi wote upo hapo. Mikataba mingi inalipa maji yaliyotoka ghafla, kama bomba kupasuka au tenki kufurika, lakini inakataa unyevu uliopenya kidogo kidogo. Niliwaandikia wanionyeshe kifungu walichokitumia na ripoti nzima ya mkadiria. Ushahidi wao ulikuwa doa moja la ukutani! Mimi nikapeleka kipande chenyewe cha bomba ambacho fundi alikikata akanitunzia: ufa mmoja mrefu, kingo zake safi, hamna ukoko wa chokaa wala kutu. Nikaambatanisha bili za maji za DAWASA. Miezi ya nyuma matumizi yapo palepale, mwezi wa tukio yameruka. Bomba linalovuja kwa miezi lingejionyesha kwenye bili. Fundi naye akaandika maelezo ya alichokikuta, akasaini.

Walipoanza kunizungusha nikawajulisha kwa maandishi kuwa nalipeleka TIRA, mamlaka ya kusimamia bima Tanzania, na ikibidi kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Wakamtuma mkadiria mwingine. Nimelipwa, ukitoa ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unataka nibebe mwenyewe.

Mama Baraka, Syokimau

Hongera ndugu yangu. Mimi sikufika huko. Mvua za Aprili 2024 ziliingiza maji hadi kwenye magodoro. Bima niliyokuwa nayo ni ile iliyokatwa na benki pamoja na mkopo wa nyumba, na inahusu jengo pekee. Vitanda, friji, nguo za watoto, hakuna hata kimoja kilichokuwemo. Hata fidia ya kuta ilipokubaliwa, benki ndiyo iliyotajwa kwanza kama mlipwaji. Niliandikia Mamlaka ya Kudhibiti Bima ya hapa Kenya, wakanijibu vizuri, lakini mkataba ulisema wazi. Mwenye mkopo wa nyumba aombe nakala ya bima benki leo, mvua zisije zikamkuta.

Mswahili wa Leicester

Huku Uingereza kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho kwa lalamiko lako. Ikikataa, au muda ukipita, unaenda Financial Ombudsman Service, ofisi huru ya kusuluhisha malalamiko ya wateja wa bima na benki, bure, ila usivuke miezi 6 tangu barua ile ya mwisho. Ukikubali uamuzi wao, kampuni inabanwa nao. Mimi walinikatalia gharama ya kuvunja vigae kutafuta maji yanakotokea, kumbe mkataba wangu ulikuwa na kinga ya kutafuta uvujaji. Nilipowanukulia ukurasa, walilipa bila kufika huko.

Kaka wa Houston

Kwa mlioko Marekani: bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Hilo lilitumaliza wengi kwenye kimbunga Harvey, 2017. Mafuriko yana bima yake chini ya mpango wa serikali ulioanza 1968, na kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo usingoje kimbunga kitangazwe. Wakikukatalia, una siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa FEMA, shirika la serikali linalosimamia mpango huo. Soma tarehe iliyoandikwa juu ya barua, siyo siku uliyoipokea.

Mgeni wa Tegeta

Shikamooni wakubwa. Kwangu maji yameingia juzi, mkadiria hajafika, mama anataka tuanze kupaka rangi kabla wageni wa harusi hawajaja. Inaruhusiwa?

Mkazi wa Kinyerezi

Marahaba. Fungeni koki kuu, kausheni, toeni maji, hayo mkataba wenyewe unawataka mfanye ili hasara isizidi. Ila kabla ya kugusa kitu pigeni picha na video kila chumba. Rangi isubiri. Zulia lililooza kateni kipande mkitunze, na bomba fundi asiondoke nalo. Kisha iandikieni kampuni leo, kwa barua pepe, kwamba mnaomba mkadiria aje haraka kwa sababu nyumba inakaliwa. Akichelewa, barua hiyo itakusemea. Mpe pole mama.