Mwenye nyumba ya likizo kakaa na dipoziti yangu, siku ya 23 sasa. Naombeni ushauri

kiguu_na_njia
Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie mawazo maana hata usingizi sipati vizuri. Mwezi uliopita mimi na familia tulikodi nyumba ya likizo siku nne. Nyumba nzuri, picha na uhalisia vinafanana, hapo simsingizii mtu. Tulilipa kodi yote mapema na juu yake dipoziti ya uharibifu, sawasawa na kodi ya siku mbili, kwa makubaliano kwamba itarudi ndani ya siku 7 nyumba ikikutwa salama. Tumeondoka tumeacha kila kitu safi, vyombo tumeosha, mpaka mashuka mke wangu aliyatoa kitandani akayakunja. Leo siku ya 23. Wiki ya kwanza alikuwa anajibu "nafuatilia", ya pili anasoma meseji anakausha, sasa hivi naona tiki moja tu, nahisi kanibloku. Pesa yenyewe siyo ya kuua mtu ila ni jasho langu. Niende polisi? Mahakamani? Au nimchafue tu mtandaoni kila mtu amjue? Ushauri wa maana jamani, matusi sitaki.

Bwana Kejeli
Mkuu mmekunja mashuka ya watu? Hapo ndipo mlipoharibu. Mgeni anayekunja mashuka ana kitu anaficha. Naweka kambi hapa.

mama_pacha
Pole sana kaka yangu. Sisi yalitukuta hayo hayo, tulikatwa dipoziti nzima kwa ajili ya doa kwenye kapeti ambalo tulilikuta, nakuapia tulilikuta, nikasema subirini nina picha za siku ya kwanza, kuja kufungua simu picha zote ni za watoto, na kwenye ile moja inayoonyesha kapeti mwanangu wa pili kakaa juu ya doa lenyewe kabisa utafikiri alitumwa. Mume wangu akasema achana nao. Mimi sijaachana nao moyoni mpaka leo.

Karani Mstaafu
Mleta mada, tusaidiane taratibu. Dipoziti ni pesa yako, mwenye nyumba kaishika tu. Akitaka kukata, yeye ndiye anatakiwa aonyeshe nini kiliharibika na kiligharimu kiasi gani, na asikuchanganyie uchakavu wa kawaida humo. Rangi iliyofifia, godoro lililobonyea, hiyo ni nyumba kutumika. Na hata kama kweli umevunja kochi, kochi la miaka nane halilipwi kama jipya. Sasa nijibu matatu: mlilipana kwa njia gani, mkataba upo kwa maandishi, na picha za siku ya kuondoka unazo?

kiguu_na_njia
Asante mzee wangu. Picha ninazo na video nimetembea chumba hadi chumba. Mkataba upo, ukurasa mmoja, alinitumia nikajibu nimekubali. Malipo tulituma moja kwa moja kwenye akaunti yake.

Mtu wa Kadi
Subiri hapo. Nyumba uliipatia wapi, si kwenye jukwaa la kupangisha? Kwa nini malipo hayakupita humo humo?

kiguu_na_njia
Tulikutana kwenye jukwaa ndiyo, ila akaniambia tukilipana pembeni atanipunguzia maana jukwaa linakata kamisheni. Nani angekataa? Wewe ungekataa?

Mtu wa Kadi
Ningekataa, na nakwambia kwa nini. Ungelipa ndani ya jukwaa, leo ungefungua lalamiko wangekuwa na rekodi zote. Ungelipa kwa kadi ungeenda benki iliyokupa kadi ukapinga muamala, kwa Visa na Mastercard dirisha kwa kawaida ni siku 120 kutegemea aina ya lalamiko. Na dipoziti ya kadi mara nyingi siyo malipo kabisa, ni zuio tu kwenye salio, asipolichukua linaachia lenyewe. Wewe umetuma kwa hiari yako kwenye akaunti ya mtu. Benki watakwambia pole.

Babu Nasaha
Vijana wa siku hizi mnapenda vya rahisi. Ulikwepa kamisheni ya watu, na wewe sasa umekwepwa. Mkuki kwa nguruwe.

Mla Bata
Babu mtu kaibiwa unamletea methali nusu nusu.

Ughaibuni Daima
Mimi niko Uingereza, huku mbona ni rahisi, tangu 2007 mwenye nyumba anatakiwa aweke dipoziti kwenye mfuko uliosajiliwa, mkigombana wao ndio wanaamua. Tafuta mfuko wa kwenu.

Karani Mstaafu
Ndugu yangu, hiyo sheria ya huko ni ya wapangaji wa makazi. Nyumba za likizo haziingii humo hata huko huko. Usimpeleke mwenzio mlango usio wake.

Ughaibuni Daima
Sawa mwalimu, nilikuwa nachangia tu.

Karani Mstaafu
Mleta mada, kinachobaki ni barua ya madai. Andika kwa barua pepe, siyo WhatsApp peke yake. Taja tarehe mliyoingia na mliyotoka, kiasi, kifungu cha mkataba, na mpe siku 14. Ambatanisha picha zile za asili kutoka kwenye simu, usichukue zilizopita WhatsApp kama picha maana inafuta taarifa za tarehe na saa zilizomo ndani. Siku zikipita bila jibu unafungua madai madogo mahakamani, sehemu nyingi hutahitaji wakili kwa kesi ya namna hii. Na hilo la kumchafua liache. Ukishamwandikia "nilipe au naandika ribyu mbaya" umemtishia, majukwaa mengi yanakataza na yeye atapiga skrinshoti aipeleke mbele.

Jicho Kali
Mimi kuna kitu hakiniingii. Mtu anayetaka kukudhulumu anakubloku siku ya pili. Huyu kakujibu wiki nzima. Halafu ghafla kimya. Hapo katikati kuna meseji hujatuwekea.

kiguu_na_njia
Meseji ni za kawaida tu, namkumbusha, anasema anafuatilia.

Jicho Kali
Ya mwisho kabisa aliyokuandikia kabla hajanyamaza. Neno kwa neno.

kiguu_na_njia
Sioni inahusiana vipi na dipoziti.

Jicho Kali
Neno kwa neno mkuu.

kiguu_na_njia
Haya. Aliandika "naomba kwanza unirudishie funguo zangu".

Bwana Kejeli
😂😂😂😂 Kambi imelipa.

mama_pacha
Kaka!

kiguu_na_njia
Mnacheka nini sasa, nisikilizeni. Siku ya kuondoka tulikuwa na haraka, funguo zikabaki kwenye mfuko wa begi, nikaja kuziona siku tatu baadaye. Nikamwambia vizuri kabisa kwa heshima, tuma dipoziti nitume funguo. Yeye ana changu, mimi nina chake, tuko ngoma droo. Nikizirudisha bure nitakuwa nimebaki na nini mkononi? Na kwa taarifa yenu nimeshaomba ruhusa kazini, Jumamosi naenda mwenyewe, nafungua, napiga video kila chumba kuonyesha hakuna kilichoharibika, natoka. Hamna nilichoiba.

Karani Mstaafu
Usiende. Narudia usiende. Ruhusa yako ya kuwa ndani ya ile nyumba iliisha siku mlipotoka. Leo wewe ni mdai, ukifungua ule mlango unageuka mshitakiwa, na ukimkuta mgeni mwingine kalala humo na watoto wake hiyo video yako ndiyo itakuwa ushahidi dhidi yako. Halafu video ya Jumamosi itaonyesha nyumba ilivyo Jumamosi, haitaonyesha mlivyoiacha. Hebu nisomee mkataba, siku 7 zinahesabiwa kuanzia wapi?

kiguu_na_njia
"Siku 7 baada ya mgeni kukabidhi nyumba."

Karani Mstaafu
Kuondoka na kukabidhi ni vitu viwili. Nyumba inakabidhiwa na funguo zake. Kwa hiyo anaweza kusimama akasema siku ya kwanza kati ya hizo saba haijafika bado, na sijui nani atambishia. Wewe unadhani umeshika dhamana, kumbe umeshika saa yake imesimama.

Kasri Dogo
Acha niingie maana mimi ni mwenye nyumba wa aina hiyo, chumba kimoja na sebule, siyo tajiri. Funguo moja ikipotea siyo kuchonga nyingine tu. Sijui iko kwa nani. Mgeni anayefuata anafika saa nane, namuingizaje kwenye nyumba ambayo mtu nisiyemjua ana funguo yake? Nabadilisha kitasa kizima siku hiyo hiyo. Mwaka juzi kuna mgeni aliniambia funguo kaiacha chini ya chungu cha maua. Sina chungu cha maua.

kiguu_na_njia
Mnamkuza tu. Wageni nusu nzima huwa wanaondoka na funguo, kila mwezi lazima uchonge mpya mbili tatu, na mashuka ndiyo usiseme, hakuna anayemkata mgeni dipoziti kwa hayo.

Jicho Kali
Simama hapo hapo. "Kila mwezi lazima uchonge mpya." Mgeni wa siku nne umejuaje hesabu za kila mwezi?

Mla Bata
Eeeh! Jicho!

Jicho Kali
Wewe siyo mgeni wa mtu. Wewe ndiye mwenye nyumba, unapima upepo uone mpangaji wako atashauriwa nini ili ujipange. Hii ni chai wakuu, tumekunywa kurasa mbili nzima.

Bwana Kejeli
Na akaunti yenyewe nimeifungua, ina siku 24. Dipoziti ina siku 23. Kajiunga siku moja kabla ya kudhulumiwa, huyu ni nabii.

mama_pacha
Jamani acheni, mtu anaweza kuwa na akaunti mpya. Hata mimi nilijiunga ili nilalamike kuhusu kapeti.

Babu Nasaha
Mimi tangu mashuka nilijua.

Mtu wa Kadi
Hata kama katunga, kukopi tulichoandika kutamsaidia mwingine. Ila kama katunga aniombe radhi, nimechapa kwa simu yenye kioo kimepasuka.

kiguu_na_njia
Sijatunga! Shemeji yangu anapangisha vyumba viwili kwa wageni, huwa namsaidia kupokea watu na kukagua wakiondoka, ndiyo maana najua. Na akaunti nilifungua siku tunayorudi, niko njiani nasoma tu.

Jicho Kali
Kwa hiyo unapokea wageni, unakagua, unakusanya funguo kwa mikono yako, halafu ya mwenzio "imebaki kwenye begi". Bora ungeacha tuamini ni chai.

kiguu_na_njia
Haya nimekosea. Sasa nifanyeje, si ndiyo nilichouliza tangu mwanzo?

Karani Mstaafu
Zitume kesho kwa njia yenye risiti na saini ya mpokeaji, zipige picha kabla hujafunga bahasha. Siku hiyo hiyo tuma barua ya madai, na humo ukiri mwenyewe kwamba zilichelewa kwako. Ukikiri wewe, yeye hatakuwa na cha kufichua. Tegemea kukatwa kitasa, hilo usibishe akikupa risiti.

*Siku sita baadaye*

kiguu_na_njia
Wakuu mrejesho. Jumamosi sikwenda, nililala. Funguo zimefika, kasaini, na kaniondolea bloku. Jana karudisha dipoziti lakini kakata, na katuma risiti ya fundi. Tatizo ni kwamba risiti ina vitasa viwili wakati mimi nilikuwa na funguo ya mlango mkubwa. Huu sasa si wizi? Naandaa barua nyingine, Karani nisaidie maneno makali kidogo. Picha ya funguo kabla ya kutuma hii hapa, muone wenyewe.

Jicho Kali
Nimeikuza. Kwenye hiyo pete naona funguo mbili. Ya pili ni ya nini?

kiguu_na_njia
Ya stoo. Hiyo sikuona kama ina umuhimu.