Prosesa ya kuhariri video za Sony A7 IV: i5-12400F au Ryzen 5 5600?

PichaMsasani
Habari wakuu. Naunda kompyuta ya mezani ya kuhariri video za harusi. Kamera ni Sony A7 IV mbili, zinarekodi XAVC HS 4K, 4:2:2 10-bit. Natumia Premiere Pro, na kadi ya RTX 3060 ya GB 12 ninayo tayari. Duka moja lina i5-12400F, jingine lina Ryzen 5 5600, zote kore 6 na thredi 12. Kuna fundi ananishauri nichukue OptiPlex (kompyuta ya mezani ya Dell) ya mtumba yenye i7-6700. Ipi itacheza taimlaini bila kukwama?

Kodeki255
Mkuu, usichukue hata moja kati ya hizo. Kinachokusumbua ni 4:2:2 (namna ya kuhifadhi rangi, inabeba rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida), kore zinakuja baadaye. HEVC, yaani H.265, ndiyo kodeki (namna ya kubana video) ya XAVC HS; imebanwa sana, na kufungua kila fremu ni kazi nzito kama hakuna sakiti maalumu ya kuifanya. RTX 3060 inafungua HEVC ya 4:2:0, lakini ya 4:2:2 haifungui. Kwa Nvidia, 4:2:2 imeanza na kadi za mfululizo wa RTX 50. Ryzen 5 5600 haina grafiki za ndani kabisa. Na ile F ya 12400F maana yake grafiki za ndani zimezimwa, na Quick Sync (sakiti ya Intel ya kufungua video, iliyo ndani ya grafiki hizo) imekwenda nazo. Mzigo wote unaangukia kore 6, na ukicheza kamera mbili kwa pamoja fremu zitaruka.

Tafuta Intel ya kizazi cha 12 au 13 isiyo na F. Hata hapo kuna tofauti ambayo wauzaji hawaisemi: i5-12400 ina UHD 730 yenye injini moja ya video, i5-12500 ina UHD 770 yenye injini mbili. Kwa kamera mbili anzia 12500. Mfuko ukiruhusu, i5-13500 ina kore 14 (kubwa 6, ndogo 8) na thredi 20, utaiona faida yake wakati wa kutoa video ya mwisho.

PichaMsasani
Shukrani mkuu. Kwa hiyo nikihamia XAVC S, ambayo ni H.264, si itakuwa nyepesi zaidi?

Kodeki255
Hapana, itakuwa mbaya zaidi. Quick Sync ya vizazi hivyo inafungua HEVC ya 4:2:2, lakini H.264 ya 4:2:2 10-bit haifungui. Baki na HS. Faili za XAVC S ulizonazo zitengenezee proksi (nakala nyepesi za kuhariria) za ProRes Proxy za 1080p, uhariri kwa hizo. Kama hukumbuki faili ipo katika muundo gani, ifungue kwa programu ya MediaInfo, soma mistari ya "Chroma subsampling" na "Bit depth".

fundi_bodi
Naongezea upande wa kufunga. Ukichomeka RTX, bodi nyingi huzima grafiki za ndani zenyewe, halafu mtu analalamika Quick Sync haifanyi kazi. Ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka), washa "iGPU Multi-Monitor" (jina hutofautiana kidogo kwa kila bodi), kisha weka draiva ya Intel. Ndani ya Premiere nenda Preferences, Media, weka tiki kwenye Intel na uitoe kwenye Nvidia upande wa kufungua faili, funga programu na uiwashe upya. Kisha cheza klipu huku Task Manager ikiwa wazi. Grafu ya "Video Decode" ya GPU ya Intel ikipanda, uko sawa. Ikibaki sifuri na CPU iko karibu 100%, rudi BIOS.

13500 kwenye bodi ya B660 inahitaji BIOS mpya, mwambie muuzaji aisasishe kabla hujabeba. Inaweza kuvuta hadi wati 154, kwa hiyo feni ya kwenye boksi haitoshi kwa joto la Dar; nunua ya mnara. RAM GB 32, vipande viwili vya 16. Kipande kimoja kinabana grafiki za ndani, maana zinatumia RAM hiyohiyo.

Thredi12
Kuhusu i7-6700: ni ya 2015, kore 4, HEVC yake inaishia 8-bit. Haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na OptiPlex ya keisi ndogo haipokei RTX 3060 ya kawaida, kwa urefu wala kwa umeme. Hiyo iache.