Kucha za mama: dai limekataliwa kwa sababu ya tarehe

Kutoka: Mama Pacha, Brooklyn Park
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Ndugu zangu, hamjambo. Mnaojua mambo ya Part B, ile sehemu ya Medicare (bima ya serikali ya Marekani kwa wazee) inayolipia madaktari, naomba mnisaidie kabla sijamjibu mtu kwa hasira.

Mamangu ana miaka 78, sukari anayo tangu 2004, na miguu imeanza kufa ganzi. Kucha za vidole gumba zimekuwa nene na ngumu kama pembe ya mbuzi, mkasi wa kawaida hauingii. Mwaka jana nilijaribu mwenyewe, nikamkata nyama ya pembeni. Damu ikatoka, na yeye hakusikia chochote, aliendelea tu kunisimulia habari za ng'ombe wa jirani. Tangu siku hiyo sijagusa mguu wake na chuma.

Kwa hiyo tunampeleka kwa daktari wa miguu kila baada ya miezi miwili na kitu, na Part B hulipa. Februari alikwenda Nyeri kumzika kaka yake, akakaa hadi mwisho wa Agosti. Aliporudi PCP wake, yaani daktari wake wa kawaida, hakuwa na nafasi, tukapewa NP, nesi mwenye ruhusa ya kutibu, tarehe 9 Septemba. Alimwangalia vizuri, akapima A1c (wastani wa sukari), akaandika dawa. Tarehe 14 Oktoba kucha zikakatwa. Leo nimefungua akaunti yake nikakuta MSN, taarifa ya madai ya Medicare: dai limekataliwa. Klinikini wananiambia mara ya mwisho kuonwa na MD, daktari kamili, ni 22 Januari, miezi sita imeshapita, kwa hiyo bili ni yetu.

Maswali mawili. Kwani kuonwa na NP hakuhesabiki? Na nikipata nesi wa miguu wa kuja nyumbani, risiti yake naweza kuituma Medicare?

---

Kutoka: Kaka wa Lowell
Jumatatu, 3 Novemba

Pole sana Mama Pacha. Kama hawakukusainisha ABN, ile karatasi ya kukuonya kwamba Medicare huenda isilipe, kabla ya kumkata mama kucha, usilipe hata senti moja. Jaza fomu ya rufaa, CMS-20027, upeleke mbio, una siku 60 tu. Dada yangu alifanya hivyo kwa kiti cha magurudumu cha baba yetu, barua tatu, simu hazihesabiki, na mwisho wakalipa. Hawa watu wanategemea uchoke. Usichoke.

---

Kutoka: Nesi Houston
Jumanne, 4 Novemba

Shikamooni wakubwa. Kaka wa Lowell, tafadhali tusimpotoshe dada yetu. ABN ni lazima kwa huduma ambayo kwa kawaida hulipwa lakini safari hii inaweza kukataliwa. Kukata kucha na kupunguza sugu kumetengwa na sheria yenyewe ya Medicare, na hapo ABN ni hiari. Kutosaini hakukuondolei bili. Na rufaa kwa Medicare ya asili ni siku 120 tangu upokee barua. Wenye Advantage, yaani Medicare kupitia kampuni binafsi, wana hesabu zao nyingine. Kiti cha magurudumu nacho ni jambo tofauti kabisa.

Mama Pacha, mimi ni RN, nesi aliyesajiliwa, kazi ya miguu naifanya mwaka wa sita sasa. Nieleze jinsi mlango unavyofunguka. Kucha hazilipiwi, isipokuwa mgonjwa awe na ugonjwa wa mwili mzima unaohatarisha miguu, kama sukari au mishipa ya damu kuziba, na mguu wenyewe uonyeshe dalili. Dalili zimepangwa madaraja. A ni kuwa ameshakatwa kiungo kisichotokana na ajali. B ni mapigo ya mguuni kutosikika, au ngozi kuwa nyembamba inayong'aa, vinyweleo kupotea na kucha kunenepa kwa pamoja. C ni kuvimba, miguu kuwa baridi, kuwaka moto, maumivu akitembea. Kwenye dai huandikwa kwa alama ya Q: Q7 ni moja ya A, Q8 ni mbili za B, Q9 ni moja ya B na mbili za C. Ukitimiza hayo, ni mara moja kila siku 61. Kwa sukari wanataka pia aonwe ndani ya miezi sita na daktari anayemtibu. Uliza klinikini waliandika Q gani. Mara nyingi kosa liko hapo na si kwenye tarehe.

Swali la pili, jibu ni hapana. Nesi anayejitegemea hawezi kuidai Medicare kwa kucha, na risiti yake haitarudishiwa pesa. Wazee wangu hulipa mfukoni. Nasikitika kusema hivyo, kwa sababu wanaonihitaji zaidi ndio wasio na kitu.

Lakini msidharau kazi yenyewe mkadhani ni pedikyua. Nikiingia kwa mzee, kwanza namtazama anavyotembea kunifungulia mlango. Namvua soksi mwenyewe, nageuza soksi ndani nje nitafute doa la damu au usaha, maana mwenye ganzi soksi yake ndiyo inayosema. Natia mkono ndani ya kiatu. Nilishawahi kutoa kifuniko cha chupa ya dawa ambacho bibi alikikanyaga siku nne. Natafuta mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Napima hisia kwa uzi wa nailoni wa gramu 10, mahali patano kila mguu, macho ameyafumba. Mahali pawili pakikosa hisia, huyo ameshapoteza kinga yake. Ndipo nakata, kidogo kidogo, kwa kufuata ncha ya kidole bila kuchimba pembeni, halafu nalainisha kwa tupa. Simlowekei miguu, kwa sababu ngozi iliyolowa hupasuka. Mafuta napaka juu na chini, katikati ya vidole napakausha tu. Vyuma vinarudi kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu, kila mgonjwa. Dakika 45, na nusu ya muda ni maongezi.

---

Kutoka: Kaka wa Lowell
Jumanne, 4 Novemba

Nilisema nilichokiona kwa macho yangu. Sikusema mimi ni mwanasheria. Hizo siku 120 nimezikubali, asante.

---

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Reading
Jumanne, 4 Novemba

Marahaba Nesi Houston. Kwa nini msimpeleke tu mama kwa GP, daktari wa familia, akaandikiwa? Huku Uingereza mwenye sukari hukaguliwa miguu kila mwaka bure.

---

Kutoka: Mama Pacha
Jumanne, 4 Novemba

Mwalimu, kwa heshima, mimi niko Minnesota.

---

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Reading
Jumatano, 5 Novemba

Nimekuelewa binti yangu, uniwie radhi. Na niseme ukweli wote: kukaguliwa ni bure, kukatwa si bure. NHS, huduma ya afya ya serikali, humchukua mwenye mguu ulio hatarini. Sisi ambao tatizo letu ni mgongo usioinama tunaambiwa tujitafutie. Katika baadhi ya maeneo Age UK, shirika la wazee, wana huduma ya kukata kucha kwa malipo. Nina miaka 74, mke wangu alifariki, na yeye ndiye aliyekuwa akinikata. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo nalo ni jambo ambalo mtu anaweza kulikosa. Nilivaa viatu vya wazi majira yote ya baridi nikiogopa kuwaambia watoto.

---

Kutoka: Bint Kibokoni, Toronto
Jumatano, 5 Novemba

Mwalimu umeniliza. Waambie wanao.

Huku Ontario OHIP, bima ya afya ya jimbo, hailipi kucha, lakini manesi wa miguu wako wengi, wanajiajiri, wanakuja nyumbani na mkoba wao. Baadhi ya vituo vya afya vya jamii vina mtaalamu wa miguu bila malipo, ila foleni yake ni ndefu. Mimi nilimpata nesi kwa bibi yangu kupitia msikitini.

Kuna jambo moja nataka mama zetu wa pwani walijue. Bibi hakubali mguu bila hina. Kila Idi na kila harusi ni nyayo nyekundu, kucha nyeusi kwa piko. Nesi alipokuja mara ya kwanza akaangalia miguu ile akasema ni mizuri sana, kisha akasema: "Sioni." Rangi ya ngozi imefichwa, weusi wa damu iliyovilia chini ya ukucha umefichwa, wekundu wa kidonda kinachoanza umefichwa. Bibi alikasirika, akasema hatatoka duniani miguu mitupu kama mjane wa jana. Tukapatana: hina ibaki nyayoni na mikononi kwenye maua, kucha za miguu ziachwe wazi, na kila nesi akija apakwe na yeye kiganja. Mwezi wa tatu akaona ukucha mmoja umebadilika rangi, akatutuma hospitali. Kilikuwa kidonda chini ya ukucha. Kidole kipo hadi leo.

Nikimpaka mafuta usiku nasikia harufu ya mlango wa nyumba yetu, karafuu na hina mbichi, na wanawake wamekaa kwenye mkeka miguu wameinyoosha hawawezi kwenda popote mpaka ikauke. Ndio muda pekee niliowaona wamepumzika.

---

Kutoka: Baba Furaha, Phoenix
Jumatano, 5 Novemba

Jambo bandugu. Mama yangu alifika na mpango wa wakimbizi mwaka 2016, kwa hiyo Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, aliipata mara moja, hakungoja miaka mitano kama wenye kadi ya kijani ya familia. Lakini kila jimbo lina mambo yake, usisikie ya Arizona ukayapeleka Minnesota.

Miguu ya mama imetembea kutoka Uvira hadi Burundi, na kutoka huko hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Daktari alipomuuliza sugu hizi zimetoka wapi, mkalimani wa simu alitafsiri "viatu vibaya". Hakukuwa na viatu. Nilimwambia aandike hivyo.

---

Kutoka: Kaka wa Lowell
Alhamisi, 6 Novemba

Baba Furaha, salimia mama sana.

Mimi nilikulia Murang'a. Jumamosi nyanya alikuwa akitukalisha kwenye jua, anatutoa funza kwa pini ya kwapa aliyoipitisha kwenye moto. Mguu wako unauweka kwenye mapaja yake na huna ruhusa ya kulia. Leo yeye ana miaka 90, funza hakuna, lakini nani anamwangalia mguu? Kijijini kwetu nawajua wazee watatu waliokatwa mguu, na kila mmoja alianza na kitu kidogo: mwiba, kiatu kipya, makaa. Mishahara inakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya, na kituo cha karibu hakina hata huo uzi wa nailoni ambao Nesi ameutaja. Viongozi wetu wanapougua miguu wanapanda ndege.

---

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Reading
Alhamisi, 6 Novemba

Tulikubaliana siasa ziwe kwenye mazungumzo yake.

---

Kutoka: Bint Kibokoni, Toronto
Alhamisi, 6 Novemba

Hii si siasa Mwalimu, ni mguu wa bibi yake.

---

Kutoka: Nesi Houston
Ijumaa, 7 Novemba

Kaka, huo uzi ni kitu chepesi, unaingia kwenye bahasha. Nina mpya nyingi. Muuguzi yeyote wa kituo chenu anaweza kufundishwa kuutumia kwa asubuhi moja. Nitumie anwani faragha.

Wengine mnaofanya kazi za CNA, wasaidizi wa manesi, kwenye nyumba za wazee: mara nyingi sera hairuhusu CNA kukata kucha za mwenye sukari, na wazee wetu watakuomba kwa sababu unaongea lugha yao. Usikate, mwite nesi wa zamu. Lakini kuvua soksi, kuosha, kukausha katikati ya vidole na kutazama unaruhusiwa, na ukiona kitu andika na saa yake. Viatu vya kisukari navyo, Part B hulipa jozi moja kwa mwaka na jozi tatu za soli za ndani, ila aliyesaini lazima awe MD au DO (naye ni daktari kamili) anayetibu sukari. Watu wengi hawadai.

---

Kutoka: Mama Pacha
Jumamosi, 8 Novemba

Asanteni nyote. Nimeuliza klinikini: waliandika Q8, kwa hiyo Q si tatizo, ni tarehe. CMS-20027 nimeijaza, nimeambatisha maelezo ya ziara ya 9 Septemba yenye sahihi ya NP. Mwingine kazini ananiambia NP anayefanya kazi chini ya MD anahesabika, mwingine anasema sheria imeandika MD au DO basi. Nani amewahi kushinda kwa sahihi ya NP? Nisipopata jibu kufikia Jumatatu natuma hivyo hivyo.

Wakati huo nimempata nesi, Mkenya mwenzetu, huja kanisani kwao Jumanne ya pili ya kila mwezi, dola 50. Jana alikuja nyumbani kwanza amwone. Alikaa chini sakafuni, akauweka mguu wa mama kwenye mapaja yake. Mama akamuuliza kwao ni wapi, akasema Othaya. Hapo hata mimi nilisahaulika. Waliongea kikwao saa nzima, na alipoondoka mama alikaa akiitazama miguu yake kwenye taa, akaniambia nimletee viatu vya Jumapili ajaribu.

---

Kutoka: Kaka wa Lowell
Jumamosi, 8 Novemba

Nesi Houston, nimekutumia anwani. Kuna mtu anasafiri Nairobi kabla ya Krismasi mwenye nafasi ya kilo moja? Ni nyuzi kumi na koleo mbili za kucha, nitazifunga vizuri ziende kwenye sanduku la chini.