Naomba ushauri: kurekodi sauti za kijiji wakati wa kipupwe

Ndugu zangu, nimerudi kijijini kwetu wilayani Makete, mkoani Njombe, katika mwezi huu wa Julai ambapo sakitu hulala juu ya majani ya viazi, na nimekusudia kurekodi sauti za alfajiri wakati bibi yangu, anayezitambua zote akiwa bado kitandani, yungali nasi. Kukiwa shwari, hewa iliyo karibu na ardhi huwa baridi kuliko ya juu yake, hivyo sauti hupinda kurudi chini badala ya kupotea angani. Naona shoka likishuka juu ya gogo ng'ambo ya bonde, na mlio wake hunifikia kama sekunde moja baadaye, ukiwa mkavu na safi kabisa.

Tatizo ni upepo. Ukianza kupita kwenye misonobari, simu yangu hunasa mngurumo mtupu, na kitambaa cha pamba nilichofunga kwenye maikrofoni hakikusaidia. Je, sufu ya kondoo, ambayo hapa inapatikana, itafaa zaidi? Na je, nisimame uani, penye kinga ya ukuta, au ukingoni mwa bonde?