Kikao cha baraza la madiwani Jiji la Tanga, mwananchi wa kawaida anaingia? Na hoja ya mtaro inapitia wapi?

Kijana wa Ngamiani

Wakuu asalaam aleikum, na wengine habari za kazi. Naomba wanaoelewa mambo ya halmashauri wanifumbue macho maana jana kijiweni kwetu tumebishana mpaka muuza kahawa kabeba birika lake kaondoka katuacha. Iko hivi, kuna mtaro mtaani (mtaa siutaji, sitaki maneno), masika yameujaza mchanga na machupa ya maji, sasa mvua ikipiga kidogo tu maji yanakosa pa kwenda yanatuama njiani, mama wa vitumbua kashahamisha jiko, watoto wa shule wanaruka juu ya matofali. Tumeongea na diwani, mtu muungwana hatuna ugomvi nae, kasema ataliingiza kwenye baraza.

Hapo ndo ubishi ukaanza. Mmoja anasema diwani hana lolote pesa anashika mkurugenzi, mwingine anasema hapana mkubwa wa Jiji ni meya, mkurugenzi ni mwajiriwa tu anafanya anachoambiwa, wa tatu anasema yote hayo bure kila kitu kinatoka Dodoma. Mie nataka niende mwenyewe siku ya kikao nikaone kwa macho yangu. Hivi naruhusiwa kuingia? Na nikiingia naweza nikanyoosha mkono nikauliza? Na hiyo hoja ikishafika pale nini kinatokea, wanapiga kura kesho yake anakuja mtu na sururu au vipi?

Mtendaji Mstaafu

Mwanangu kuingia unaingia. Mikutano ya baraza ni ya wazi kwa wananchi na waandishi, hiyo ipo kwenye sheria yenyewe ya mamlaka za miji, Namba 8 ya mwaka 1982. Kuna nyakati tu baraza linajigeuza kuwa kamati, mathalani wakijadili nidhamu za watumishi, hapo wageni mnaombwa mtoke. Lakini kusema husemi. Anayesema ni diwani, na mbunge wa jimbo naye ni mjumbe, na madiwani wa viti maalumu. Wewe unakaa kwenye viti vya nyuma unasikiliza.

Sasa kwenye ubishi wenu, wote watatu mmeshika kipande kipande. Meya ni diwani kama wenzake, wamemchagua wao kwa wao, anaongoza vikao vya baraza na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Uongozi. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, ndo mtendaji mkuu na ndo afisa masuuli, maana yake hela ikitumika ndivyo sivyo mkaguzi anamuuliza yeye, na humo humo kwenye baraza yeye ni katibu. Kwahiyo madiwani wanaamua, mkurugenzi anatekeleza na wataalamu wake, lakini mkurugenzi hawezi kutoa shilingi kwenye jambo ambalo halina kasma, yaani halina fungu lake kwenye bajeti, hata madiwani wote wasimame juu ya viti. Na madiwani hawawezi kumwandikia hundi mtu yeyote. Huyo wa tatu anayesema Dodoma naye hajakosea sana, bajeti ikishapita kwenye baraza inakwenda mkoani, inakwenda TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa), halafu Bunge, ndo mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai.

Sasa nikwambie kitu ambacho vijana wengi hamkijui. Siku ya baraza ni siku ya mwisho, si ya kwanza. Mnachokiona pale watu wamevaa majoho wanasema "naafiki, naafiki" kimeshapikwa huko nyuma. Kimeanzia kwenye mkutano wa mtaa, kimepanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ndo mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa wote wa kata ni wajumbe, kikaenda kwa menejimenti, wakuu wa idara wakakichambua, kikaingia kamati ya kudumu. Kwa mji kamati zenyewe kubwa ni ya Fedha na Uongozi, ya Uchumi Afya na Elimu, na ya Mipangomiji na Mazingira. Ile ya fedha inakaa kila mwezi, baraza la kawaida linakaa kila robo mwaka. Ukiona jambo limesomwa barazani na halikupita kamati yoyote ujue litarudishwa kamatini, utasubiri robo nyingine.

Nimefanya kazi ya mtendaji kata miaka mingi, mkoa mwingine kabla sijarudi nyumbani, na nimeona mitaa inayopata na isiyopata. Inayopata ni ile ambayo muhtasari wake umeandikwa. Mwenyekiti anakuja na karatasi, mkutano wa tarehe fulani, wakazi kadhaa wamesaini, kipaumbele cha kwanza mtaro, cha pili choo cha shule. Isiyopata inakuja na malalamiko ya mdomo. Mtendaji wa kata akikaa usiku kuandika muhtasari wa kata anaandika alichonacho mezani, hawezi kuandika kelele.

Mchokozi

Mzee umesema vizuri lakini tuseme ukweli, vikao ni posho na soda. Kabrasha la taarifa za kikao, zito kama tofali, linagawiwa, nani analisoma lote?

Mama Chumbageni

Mchokozi usikatishe watu tamaa. Mie nilishaenda, tulialikwa kikundi chetu cha akina mama. Siku ya kwanza ni taarifa za kata, diwani mmoja mmoja anasimama anasoma ya kwake, kata 27 hizo jamani, usingizi utakushika lakini kaa macho hapo hapo maana ndo unasikia nani kataja mtaa wake na nani kasoma juu juu tu. Siku inayofuata ndo taarifa za kamati, ndo moto unapowaka. Nilimuona diwani mmoja kakunja kona za kurasa za kabrasha lake lote na kalamu nyekundu mkononi, kila mkuu wa idara akisimama yeye ana swali, "ukurasa wa 43 mheshimiwa meya, mwaka jana mlisema asilimia mia, mbona leo imeandikwa inaendelea?" Mkuu wa idara anapekua, anapekua, ukumbi kimya. Kwahiyo wapo wanaosoma.

Ila ushauri wangu kama wewe ni kijana na una kikundi usiende kwa ajili ya mtaro peke yake. Ulizia na ile mikopo ya vikundi, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Iko kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa tangu 2018, haina riba. Ilisimamishwa 2023 wakaja kuirudisha 2024 na utaratibu mpya, kwahiyo msiende na fomu za zamani mlizopiga fotokopi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze.

Fundi Mchundo

Jamani mnazunguka wee na hamjamuuliza swali la kwanza. Huo mtaro uko wapi? Uko kando ya barabara? Kama uko kando ya barabara ya mtaa basi si wa Jiji kwa maana ya kutengeneza, ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zimetolewa kwenye halmashauri zikapewa TARURA, na mtaro wa barabara unakwenda na barabara yake. Ukiwa ni barabara kubwa kama ile ya kwenda Pangani hiyo ni TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Yakiwa maji ya bomba yaliyopasuka nendeni Tanga UWASA, mamlaka ya maji. Taka ndo za Jiji. Watu wanamtukana diwani kumbe mlango sio.

Nafanya vibarua vya ujenzi ndo maana najua, siku hizi madarasa na vituo vya afya vingi vinajengwa kwa fosi akaunti, hakuna mkandarasi mkubwa, kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi, na wajumbe ni wananchi wa hapo hapo. Watu wanaitwa kwenye hizo kamati hawaendi, halafu saruji ikipungua wanakuja kulalama kijiweni.

Mtendaji Mstaafu

Fundi amenena. Niongezee hapo kwamba meneja wa TARURA huwa anakuja barazani kutoa taarifa yake na madiwani wanamuuliza, kwahiyo diwani wenu akisema ataliingiza barazani hakuwadanganya, njia ipo. Lakini diwani pale anaomba na kushauri vipaumbele, fedha ya barabara haiko kwenye kapu la Jiji.

Na wanaosema halmashauri hazina maana niwakumbushe historia kidogo. Kuanzia mwaka 1972 zilivunjwa, mambo yote yakapelekwa kwa watu wa serikali kuu mikoani na wilayani, ikaitwa Madaraka Mikoani. Miji ikakosa mwenyewe. Mitaro ikaziba, taka hazizolewi, miaka ya katikati ya sabini kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 ikabidi zile za miji zirudishwe haraka, baadae ndo zikaja sheria za 1982, na ikaingizwa kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146. Kwahiyo huo mtaro wako kijana si jambo dogo.

Mwana Bagamoyo

Nawasoma kutoka Bagamoyo. Nyie mna Jiji tangu 2005 mna meya, sisi ni halmashauri ya wilaya tuna mwenyekiti, na majoho yapo vile vile hahaha. Ila kuna kitu mnatuzidi na kingine tunawazidi. Huku kwenye vijiji, mfano ukitoka mjini ukaelekea Makurunge, kijiji ni mtu kisheria, kinaweza kushitaki na kushitakiwa, kina halmashauri yake ya kijiji, mkutano mkuu unakaa na mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu, mwenyekiti asiposoma anabanwa palepale chini ya mwembe. Mtaa wa mjini hauna meno hayo. Mwenyekiti wa mtaa mnamchagua, wa sasa hivi wamechaguliwa Novemba 2024, lakini hana akaunti ya maana wala hapitishi sheria ndogo, kazi yake kubwa ni kupeleka juu. Kwahiyo nyie wa mjini mkilala kwenye mkutano wa mtaa mmelala moja kwa moja, hamna pengine pa kuamkia.

Muuza Dagaa

Naomba niulize hapo kwenye sheria ndogo. Ushuru wa meza sokoni ukipandishwa ni meya anaamka tu asubuhi anapandisha?

Mtendaji Mstaafu

Hapana mwanangu. Rasimu inaandikwa, inatangazwa kwa wananchi ili mwenye pingamizi alete kwa maandishi, halafu inapita kamati, inapita baraza, inakwenda kwa waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI aridhie, mwisho inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo hakuna wa kukudai kiwango kipya. Shida tangazo linabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, watu wanalipita wanakwenda kuangalia mkeka wa mpira. Mkija kushtuka muda wa pingamizi umekwisha. Umoja wenu wa sokoni uteue mtu mmoja kazi yake ni kusoma ubao tu.

Kijana wa Ngamiani

Nashukuruni sana wakubwa, Mzee Mtendaji Mungu akupe umri. Fundi, mtaro uko kando ya barabara ya mtaa kabisa, kwahiyo ni hao TARURA. Nimeongea na mwenyekiti wa mtaa asubuhi hii anasema mkutano upo, tatizo watu hawaji, wanakuja wazee na wanaotafuta barua ya utambulisho. Sasa nauliza tena, barua twende nayo TARURA wenyewe au tupitishe kwa mtendaji? Na je tukizoa mchanga wenyewe ile Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi tutakuwa tumeharibu hoja yetu, watasema si mmeshafanya?

Fundi Mchundo

Zoeni. Lakini kabla ya kuzoa pigeni picha, na mkishazoa pigeni picha, halafu mvua inayofuata ukijaa tena pigeni ya tatu. Mchanga unarudi kwa sababu barabara ya juu ni ya vumbi na mtaro hauna kuta za mawe. Hilo ndo la kuandika, "tunaomba mtaro ujengewe", msiandike "tunaomba mchanga uzolewe" mtaletewa vibarua wawili na toroli.

Mtendaji Mstaafu

Barua iwe na muhtasari wa mkutano nyuma yake, ipite kwa mtendaji wa mtaa, agonge muhuri, iende kwa mtendaji wa kata, nakala TARURA, nakala diwani. Nakala yenu mgongewe "imepokelewa" na tarehe. Na mfanye sasa hivi, msingoje, maana vipaumbele vya mwaka ujao vinakusanywa kuanzia mwisho wa mwaka, baraza la bajeti linakaa Januari au Februari, ukija Machi na mtaro wako utaambiwa karibu mwakani.

Mchokozi

Mie nitakuja kuzoa. Posho shilingi ngapi?

Mama Chumbageni

Vitumbua vya yule mama aliyehamisha jiko, na chai ya tangawizi. Njoo na koleo lako.