Kikundi cha familia: filamu ya jana, The Hateful Eight, kwa Mjomba Salim, South C

Shangazi Rehema: Salim, habari za asubuhi. Amina kaamka na swali: mbona yule mwanamume alimtapikia damu yule mama usoni? Nani alimwachia mtoto aone vile?

Mjomba Salim: Nzuri dada. Wadogo wote niliwapeleka chumba cha ndani kabla haijaanza, kumbe yeye karudi kuchungulia. Hata huko Marekani, wa chini ya miaka 17 hawaingii kuitazama bila mtu mzima. Nitazungumza naye leo.

Juma: Pole shangazi. Mimi damu haikunisumbua, ila urefu jamani! The Hateful Eight ni dakika 168, na nyingi ni watu wamefungiwa na theluji kibandani wakiongea. Muvi ya makauboi bila mbio za farasi?

Neema: Juma, yale maneno ndiyo vita yenyewe. Kila anayeingia mle kwa Minnie, kile kibanda cha wasafiri, anahojiwa: we nani, watoka wapi, ulipigania upande gani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, vimeisha Marekani, lakini mle ndani bado vinaendelea. Na unajua kuna mmoja anadanganya, unabaki kusikiliza sauti tu.

Mjomba Salim: Umesema kweli mwanangu. Pale wanapogawana chumba, baa iwe Kaskazini, moto uwe Kusini, mwili ulinisisimka. Januari 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi, hapa Nairobi kuna mitaa iligawanyika hivyo hivyo. Mtu anakuuliza jina lako la pili kwa upole kabisa, ajue kabila lako, na wewe unajua jibu laweza kukuua. Ndiyo maana risasi zilipoanza sikushangaa. Ile damu ilishapikwa na mazungumzo zamani.

Juma: Hapo nakubali mjomba. Lakini ile safari ya mwanzo ndani ya gari la farasi ingekatwa nusu.

Neema: Ukiikata unapoteza barua! Meja Warren, yule mweusi aliyepigania Kaskazini, anatembea na barua anayosema ni ya Rais Lincoln. John Ruth, yule mwinda wahalifu, anaisoma kwa heshima mpaka anaguswa moyo. Kisha mezani Mannix, yule wa Kusini, anacheka, na inajulikana ni ya uongo. Ruth anaumia kweli. Na Warren haombi radhi: anamwambia mtu mweusi huwa salama pale tu wazungu wanapokuwa hawana silaha, na barua ile iliwapokonya. Samuel L. Jackson, aliyemwigiza Warren, alivyoyasema hayo, nilirudisha nyuma nikasikiliza tena.

Shangazi Rehema: Barua sawa. Sasa nani atanieleza kuhusu Daisy, yule mama mfungwa wa Ruth? Akifungua mdomo tu anapigwa, mara kiwiko cha uso, mara bastola kichwani. Na sebule nzima mlicheka, nilisikia kutoka jikoni. Muuaji ni muuaji, apelekwe kwa hakimu. Kicheko ndicho kilichoniuma.

Neema: Shangazi, niko nawe. Tarantino, mwongozaji, anajua watu watacheka, na mimi hapo simpendi. Lakini Jennifer Jason Leigh aliyemwigiza hakukubali Daisy awe mfuko wa kupigwa tu. Mtazame akifuta damu halafu anatabasamu. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo.

Mjomba Salim: Na gitaa je? Anaimba polepole, Ruth analinyakua na kulivunja ukutani. Lile lilikuwa gitaa halisi la karne ya 19, limeazimwa kutoka makumbusho ya kampuni ya magitaa ya Martin. Ilitakiwa wabadilishe kwanza waweke la bandia, Kurt Russell, aliyemwigiza Ruth, hakuambiwa. Ule mshtuko wa Daisy si wa kuigiza, anageuka kabisa kuangalia pembeni akitafuta msaada. Hapo sebuleni hakuna aliyecheka.

Juma: Wee! Hilo sikulijua. Na muziki?

Mjomba Salim: Ennio Morricone. Alipata Oscar yake ya kwanza ya kushindaniwa kwa filamu hii mwaka 2016, akiwa na miaka 87. Ile mwanzo, sanamu ya Yesu msalabani imefunikwa theluji, gari linakuja polepole kwa mbali... mimi muziki ule pekee ulinitosha.

Shangazi Rehema: Muziki ni mzuri, siukatai. Ila nasimama pale pale kuhusu Daisy, na watoto wasiwe karibu tena. Salim, Amina namleta saa kumi na moja. Umweleze mwenyewe, na uanze na yule mama.

Mjomba Salim: Mlete dada. Chai itakuwa tayari.