Tupeane uzoefu: uliyekwenda na rafiki kuangalia picha na sanaa, Iringa na Nyanda za Juu

Mtoto wa Kihesa: Kamwene wakuu. Leo nimepita pale Boma, Iringa mjini, nikamkumbuka rafiki yangu mmoja. Jengo la Mjerumani lile, tangu 2016 ni makumbusho, mtu unamwonyesha vyombo vya bibi zake yeye kainamia simu! Iliniuma. Wewe ulikwenda na nani, ikawaje?

Ulanzi Mtogwa: Umenigusa. Wa kwangu alibaki nje anakula mahindi.

Binti Mufindi: Ya kwangu hadi leo nikiisimulia nalia. Nilikuwa na shoga yangu, tumekulia wote kambi za chai. Mvua ikatubana mjini, tukajibanza kwenye maonyesho ya picha za kuchora. Namwongelesha, kimya. Kugeuka, kasimama mbele ya picha ya mama anachuma chai. Kilemba fundo juu ya sikio la kushoto, kidole kimezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli majani yasimkate. Akasema, "Huyu mama." Mama yake tulishamzika, na picha zake zote ziliungua na nyumba. Akakaa chini sakafuni, akaamkia: "Shikamoo mama." Watu wakajaa. Mlinzi akaja kumnyanyua, nikamwambia kaka, muache mtu na mama yake.

Mzee wa Ipogolo: Pole sana mwanangu. Ila wachuma chai wengi hufunga mpira kidoleni. Isije ikawa siye.

Binti Mufindi: Baba, na fundo la kilemba je? Mtu amsahau mama yake?

Ulanzi Mtogwa: Mzee, muache dada.

Fundi Rangi Mbeya: Mtafuteni mchoraji, saini huwa kona ya chini. Kama ni mtindo wa tingatinga sahauni, yale mambo ya Dar kwa kawaida hayachori sura ya mtu fulani.

Mtu wa Ruvuma: Mambo ya Dar? Edward Tingatinga ni mtu wa Tunduru, kusini huku huku! Dar alikwenda kutafuta maisha, akachora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi.

Fundi Rangi Mbeya: Kuzaliwa kusini sawa, kazi aliifanyia wapi?

Mama Makambako: Nyie na Tingatinga wenu, binti analia hapa. Mwanangu, mchoraji msimtafute. Akisema alimchora mtu wa Rungwe itakuwaje? Nunueni mnyamaze.

Ulanzi Mtogwa: Wauze hata mbuzi.

Binti Mufindi: Tumelipia nusu, mwenzangu anadunduliza. Saini ipo, fremu imeifunika.

Mtoto wa Kihesa: Dada nitumie ujumbe. Binamu yangu ni fundi fremu, ataifungua bila kukwaruza rangi.

Mama Makambako: Nimesema msimtafute!

Mwalimu Mstaafu: Kwa mleta mada: rafiki wa simu mpeleke Neema Crafts, kituo cha kazi za mikono hapa Iringa. Wahudumu wa mgahawani ni viziwi, mtaelewana kwa ishara na kuandika. Simu ataiweka chini mwenyewe.

Ulanzi Mtogwa: Jumamosi naenda Igeleke kwenye michoro ya mwambani, natafuta mwenzangu. Anayelalamikia jua asije.